Jioni ya muziki wa asili katika baa ndogo hapa Moshi: tuiandae vipi ili watu wasikilize?

Mwenye baa, Rau

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mimi na mke wangu tunaendesha baa ndogo eneo la Rau hapa Moshi, yenye chumba kimoja cha ndani kinachotosha watu wapatao 40 na ua wa nyuma ambako tunachoma nyama. Miaka yote tumefanya biashara kama wanavyofanya wengi: televisheni kwa ajili ya mpira, spika kubwa mlangoni, na muziki unaosikika hadi barabarani. Sasa tunakusudia kutenga jioni moja kila mwezi kwa muziki wa asili unaopigwa mbele ya watu, yaani zeze, marimba, litungu (chombo cha nyuzi cha Wakurya), ngoma na sauti za waimbaji wenyewe. Tumeshapatana kwa maneno na kikundi cha vijana wa Kigogo wanaoishi hapa mjini, pamoja na mzee mmoja Mkurya anayepiga litungu vizuri mno, ambaye kwa kawaida humsikii isipokuwa kwenye sherehe za kwao.

Hofu yangu ni kwamba wateja wetu wamezoea kuzungumza kwa sauti ya juu kwa sababu spika nazo ziko juu, na zeze haliwezi kushindana na meza ya watu sita wanaobishana kuhusu Simba na Yanga. Je, niwawekee wasanii vipaza sauti, au kuna njia nyingine ya kuufanya ukumbi usikilize? Na malipo yao yatoke wapi, kwenye kiingilio au kwenye mauzo ya vinywaji? Chumba kina sakafu ya saruji na paa la bati lisilo na dari.

Fundi wa sauti, Arusha

Mkuu, nakushauri uanze na chumba kabla ya kufikiria vyombo. Sakafu ya saruji, kuta tupu na bati hurudisha kila sauti, na ndiyo maana watu wakiwa ndani ya chumba cha namna hiyo hujikuta wakipaza sauti ili wasikilizane, kila meza ikijaribu kuipita meza jirani. Tandika mikeka au mazulia pale wanapokaa wasanii, ning'iniza mapazia mazito kwenye ukuta ulio nyuma ya wasikilizaji, na ukipata uwezo weka dari. Dari itakusaidia pia wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa sababu mvua ikipiga bati hakuna atakayesikia kitu, hata ukikodi spika za uwanjani. Kama dari bado, anza Juni.

Kuhusu vipaza sauti, mimi ninayeishi kwa kazi ya kuvifunga nakuambia usiviweke, au weka kimoja tu. Marimba ya Kigogo ina vipande vya chuma vilivyopangwa juu ya kisanduku cha mbao, na kisanduku hicho kina matundu yanayozibwa kwa utando wa buibui ili kila mlio ufuatwe na mvumo mwembamba kama wa nyuki. Mvumo huo si kasoro hata kidogo, bali mpigaji huutafuta kwa makusudi. Msikilizaji aliyekaa mita tatu kutoka kwake huusikia wote, lakini ukiupitisha kwenye spika za baa zilizopangwa kwa ajili ya besi, ndio unaopotea kabla ya kitu kingine chochote. Watu 40 wakikaa nusu duara kuwazunguka wasanii, hakuna atakayekosa. Ikiwa sauti ya mwimbaji itahitaji msaada, tumia maikrofoni moja na spika ndogo iliyowekwa mbele yake na kuelekezwa kwa watu, vinginevyo itapiga mluzi.

Zima televisheni kabisa, usipunguze sauti tu, kwa sababu picha ikiwepo macho yatakwenda huko na maneno yatafuata. Hamisha friji lenye mngurumo. Mweleze pia mchoma nyama kwamba kazi ya kukata mbavu kwa panga juu ya gogo ifanyike wakati wa mapumziko, maana pigo moja tu linatosha kumtoa mpiga zeze kwenye wimbo wake.

Mwalimu mstaafu wa sanaa, Moshi

Nakubaliana na fundi kwa yote, ila ningependa tuelewane kuhusu ukimya. Muziki huu haukuzaliwa mbele ya watu waliokaa wametulia huku mikono ikiwa mapajani. Nyimbo nyingi zina anayeanzisha na wanaoitikia, na asiyeitikia ndiye anayeharibu shughuli. Wanawake wa Kigogo wanapopiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa kati ya mapaja, huimba papo hapo, na aliye karibu hupiga makofi bila kuombwa. Kwa hiyo usibandike tangazo la kukataza watu kuzungumza. Tafuta mshereheshaji anayezijua nyimbo, ambaye kabla ya kila wimbo ataeleza kwa dakika moja unahusu nini na ulikuwa ukiimbwa wakati gani, kisha awafundishe watu kiitikio. Mtu aliyepewa sehemu ya kuimba hatakuwa na nafasi ya kubishana kuhusu mpira.

Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka Dodoma akaishi na kufundisha Bagamoyo, akaufikisha muziki wa Wagogo kwenye majukwaa ya Ulaya na kurekodi na Real World, kampuni ya muziki ya mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza. Inaniuma kwamba leo kijana wa Moshi anaweza kuupata muziki huo kwenye simu yake kwa urahisi kuliko kuusikia ukipigwa mtaani kwake. Ndiyo maana naliunga mkono wazo lako kwa moyo wote, na naomba usiishie kwa Wagogo na Wakurya. Kibosho, Machame na Marangu kuna wazee wanaozijua nyimbo za Kichaga ambazo wajukuu wao hawajawahi kuzisikia zikiimbwa. Waalike, wape usafiri wa kwenda na kurudi, na jioni hiyo iwepo mbege ya ndizi na ulezi, iliyopikwa na mtu anayeijua.

Mama wa Soweto, Moshi

Kaka, usianze saa nne usiku kama ilivyo desturi ya baa zetu. Wengi tunaoupenda muziki huu ni watu wazima na akina mama wenye kazi asubuhi, na bodaboda ya usiku wa manane si salama kwetu. Anza saa moja jioni, malizia saa nne.

Kuhusu malipo, weka kiingilio cha wastani na useme waziwazi mlangoni kwamba chote ni cha wasanii, nyumba ibaki na vinywaji na nyama. Sehemu ya mauzo huleta ugomvi kwa kuwa msanii haoni kinachoingia kaunta. Nimewahi kushuhudia ukumbi mmoja Arusha ukiwapa wazee soda na nauli baada ya kuimba saa tatu nzima, na ilitia aibu. Usizuie watu kuwatunza wasanii kwa fedha, kwa kuwa ndiyo heshima yetu kwa msanii, lakini mshereheshaji atenge wimbo wa mwisho kabla ya kila mapumziko kwa wanaotaka kuinuka, kucheza na kutoa walichonacho.

Wakili, Moshi

Naongeza kwa kifupi. Kabla hujatangaza, fika kwa afisa utamaduni wa manispaa akueleze vibali vinavyohitajika, vikiwemo vya BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia haki za mtumbuizaji juu ya onyesho lake, hivyo kubalianeni kwa maandishi kuhusu malipo na kuhusu wateja kuwarekodi kwa simu.

Mwenye baa, Rau

Nawashukuru sana nyote. Tumeamua kuanza Alhamisi ya mwisho ya Juni, saa moja jioni, na kiingilio chote kitakwenda kwa wasanii. Leo nimemtembelea mzee wa litungu nikamsomea mlichoandika. Maikrofoni ameikataa, na ameomba kiti kifupi kisicho na mikono ili litungu likae sawasawa, nami nimeshamwagiza seremala. Mwalimu, naomba uniandikie faraghani kuhusu wale wazee wa Kibosho, kwa sababu ningependa wapate jioni yao wenyewe mwezi wa Julai kuliko kubanwa katikati ya wengine.