Naomba ushauri: kupamba nyumba ya familia kwa Krismasi kwa mitumba na vitu vya kutengeneza wenyewe (Unguja)

Mama Tomondo

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mawazo yenu, hasa nyie wa Unguja na Pemba mnaoijua hali ya hewa yetu.

Mwaka huu Krismasi iko kwetu, Tomondo. Miaka yote ilikuwa kwa mama mkwe, lakini magoti yanamsumbua na ngazi za ghorofa zimemshinda, kwa hivyo tumemhamishia kwetu na sikukuu imekuja naye. Mawifi zangu wanakuja na boti kutoka Dar pamoja na watoto wao, shemeji yangu anakuja na familia kutoka Wete, na majirani, ambao wengi wao ni Waislamu, watakula nasi mchana kama kawaida yetu. Sebule ni ndefu, kuta nyeupe tupu, na mbele tuna barza.

Madukani nimeiona miti ya plastiki na zile nyuzi za kumetameta. Sizitaki. Ni ghali kwa kitu kinachonyonyoka kabla sikukuu haijaisha, na zaidi ya hapo nataka watoto wakue wakijua kwamba uzuri wa nyumba yao ulitoka mikononi mwao. Nataka nitumie mitumba na vitu vya hapa hapa: ukili (ule msuko wa majani ya mkindu), vifuu, kanga, viungo. Cherehani ninayo, na mama mkwe anasuka ukili tangu utotoni.

Sasa, kwenye mitumba nitafute nini hasa? Mti nifanyeje? Na kipi kitahimili joto na unyevu kuanzia sasa mpaka Januari?

Fundi Kwerekwe

Dada, hongera kwa kumpokea mama. Mie nashona Mwanakwerekwe na vitambaa vyangu vingi natoa kwenye mitumba, kwa hivyo hapa naweza kukusaidia.

Tafuta masweta. Kwa joto letu la Disemba nani atavaa sweta? Yanabaki chini ya lundo mpaka mwenye mali anayatoa kwa bei ya kuondosha, na ndani yake mna uzi mzuri kuliko unaouzwa dukani. Ila kabla hujalipa, ligeuze ndani nje uutazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimefungwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, kama mshono wa fulana, liache. Kitambaa kile kilikatwa kwa mkasi na ukikifumua utapata vipande vifupi vifupi visivyofaa kitu. Ukiona kingo zimeungana safi kwa uzi mmoja, hilo limefumwa kila upande kivyake. Fungua mishono, kisha anza kufumua kuanzia juu, shingoni, uzi utakufuata wenyewe.

Utatoka umejikunjakunja, usijali. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pawili patatu usichanganyike, uoshe, halafu utundike na chupa ya maji chini yake uvutike mpaka ukauke. Utanyooka kabisa. Hapo waite watoto: wazungushe uzi kwenye vidole vinne mpaka uwe mnene, waufunge katikati kwa nguvu, wakate ncha za pande zote mbili na waupunguze kwa mkasi uwe mviringo. Ukivipanga vishada hivyo kwenye kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) una pambo la ukuta mzima, na halisikii unyevu.

Fulana za pamba nyekundu nazo usiziache, hata yenye doa. Zikate kwa mlalo mikanda ya sentimita 3, uivute, kingo zitajiviringa zenyewe. Na mapazia ya lasi, pamoja na vile vitambaa vidogo vya kufuma kwa sindano ambavyo watu wa Ulaya huweka chini ya vasi. Vingine ni kazi ya mkono ya kweli na vinauzwa kwa bei ya leso.

Nenda asubuhi siku robota linapofunguliwa. Na shika rangi mbili tu, nyekundu na rangi ya ukili mbichi kwa mfano. Mitumba ukiichanganya rangi zote nyumba itaonekana ya mnada.

Mama Tomondo

Sweta sikuwa nimelifikiria kabisa. Ahsante sana fundi. Na vile vitambaa vya kufuma, nikitaka visimame kama nyota nivitie wanga?

Fundi Kwerekwe

Wanga usitie, utaita mende. Na siku ya mvua utalegea. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji nusu kwa nusu, chovya, nyoosha juu ya mfuko wa plastiki, shikiza ncha kwa pini, acha mpaka asubuhi.

Mtoto wa Mkunazini

Kuhusu mti. Sie tuliokulia mjini mti wetu wa Krismasi ulikuwa tawi la mvinje. Majani yake membamba yananing'inia vizuri. Lakini tafadhali msiende ufukweni na panga. Mivinje ile inashika mchanga usiliwe na bahari. Upepo wa kaskazi ukianza kuna matawi yanaanguka yenyewe, na kila mwenye shamba lenye mvinje hupogoa. Omba, utapewa. Lichomeke kwenye ndoo ya mchanga uliorowa, uizungushie ndoo pakacha au mkeka mkongwe. Liingize ndani tarehe 22 au 23, si kabla, maana likikauka linapukutika sakafuni kutwa.

Nahodha wa Malindi

Mie natofautiana kidogo. Mti wa plastiki si lazima uwe mpya. Mahoteli yanapobadilisha mapambo huuza ya zamani kwa bei ndogo, nami wangu nimeupata hivyo na watoto wameupenda. Weka na pamba juu iwe theluji. Krismasi bila theluji naiona kama imepungukiwa.

Mtoto wa Mkunazini

Nahodha, mti wa mtumba nakubali, ni bora utumike kuliko utupwe jaani. Theluji ndiyo siafiki. Kanisa Kuu la Mkunazini liliswaliwa ibada yake ya kwanza siku ya Krismasi mwaka 1877, jengo lenyewe bado halijakamilika. Tangu wakati huo watu wa hapa wanaisherehekea sikukuu hii kwenye joto, na mikrismasi imejaa maua mekundu njia nzima. Hata Bethlehemu yenyewe wachungaji walikuwa nje usiku na kondoo. Dada ana kila kitu hapa. Pamba isiyofunikwa, karibu na taa au mshumaa, inawaka kwa kufumba na kufumbua.

Bi Asumini (Wete)

Mwanangu Mama Tomondo, salamu kutoka Pemba. Umenifurahisha kumtaja mama mkwe wako na ukili. Mpe kazi ya shada la mlangoni. Asuke ukili mrefu, kiasi upana wa vidole viwili, nusu wa rangi ya asili na nusu uliochovywa nyekundu. Miyaa, yaani yale majani ya mkindu, ichemshwe kwenye rangi ya unga kabla ya kusukwa, kisha ianikwe kivulini, jua likiipata mbichi rangi inapauka. Ukili ukishakuwa tayari auzungushe mduara juu ya mduara na kuushona kama anavyoshona mkeka. Katikati aache tundu la kupitisha kiganja. Shada hilo utalitundika Krismasi zote zijazo, na kila atakayeingia ataambiwa nani alilisuka.

Usiku wa kuamkia sikukuu, pamba kwa asumini. Yachume alasiri yakiwa bado matumba yaliyofumba, yatunge kwenye uzi wakati wa magharibi, uyatundike juu ya mlango wa sebule na kwenye kingo za dirisha. Yanafunguka yenyewe usiku wageni wakitoka kanisani. Ukipata mrehani na mkadi watengenezee mawifi zako vikuba, vile vijishada vya kunukia, washikize kifuani. Hilo ni pambo pia, na wanawake wa Dar watalipenda mno.

Karafuu: watu wanachomeka kwenye machungwa. Ni pambo zuri sana mezani, harufu yake haina mfano. Toboa kwanza kwa sindano nene, la sivyo vichwa vya karafuu vitakatika na vidole vitakuuma. Lakini fanya tarehe 24. Kwa unyevu wetu chungwa litashika ukungu mapema. Ukitaka kitu cha kukaa mpaka Januari, funga vijiti vya mdalasini vitatu vitatu kwa ule uzi mwekundu wa sweta, uvining'inize kwenye mvinje.

Shemeji yako akiwa anatoka Wete mwagizie viungo mapema.

Mama Tomondo

Bi Asumini, nimemsomea mama mkwe maneno yako yote. Ameshaniagiza miyaa. Anauliza: kanga ya kisutu inafaa kutandikwa meza? Ina ile nyekundu tunayoitafuta.

Bi Asumini (Wete)

Kwetu kisutu ni nguo ya bi harusi, mie nisingekiweka chini ya sinia la pilau na bakuli la kachumbari. Kitundike ukutani nyuma ya kiti chake yeye mama, kikae kwa heshima. Mezani tandika kanga nyingine nyekundu, doti nzima, usiikate. Sikukuu ikiisha inafuliwa na kuvaliwa. Tazama na jina lake kabla hujainunua, maana wageni watalisoma wote.

Kaka wa Kikwajuni

Mie nizungumzie taa, maana hapo ndipo watu wanajisahau. Wale tuliokuwepo Unguja Disemba 2009 tunakumbuka umeme ulikatika kisiwa kizima tangu mapema mwezi huo na haukurudi mpaka Machi 2010. Krismasi ile tuliipamba kwa kandili na mishumaa, na ilikuwa nzuri kweli kweli. Tangu hapo nyumbani kwetu taa za sikukuu hazitegemei umeme.

Chukua chupa za jamu, toa karatasi, zungusha kipande cha lasi ya mtumba kwa nje, tia mchanga mkavu robo ya chupa, simamisha mshumaa mfupi ndani yake. Zipange ukingoni mwa barza. Mchanga unaushika mshumaa na chupa inazuia upepo. Ndani ya nyumba lakini tumia taa za sola au za betri. Ukili, mvinje mkavu na makuti vinashika moto haraka mno, na nyumba imejaa watoto wanaokimbizana.

Vifuu navyo usivipeleke jikoni. Nazi ina macho matatu na moja ni laini, hata msumari unalitoboa. Ukiupata upande wenye macho una tundu tayari la kupitishia kamba. Parua manyuzi kwa kipande cha kioo, malizia kwa msasa, pakaa mafuta ya nazi. Kinang'ara kahawia iliyokolea, huhitaji rangi.

Mwana wa Jang'ombe

Mimi ni Muislamu, nachangia kama jirani. Pembeni yetu kuna familia ya Kikristo na kila mwaka watoto wetu huenda kusaidia kutunga yale mapambo, kama wao wanavyokuja kwetu Idi kubeba sinia. Ushauri wangu mdogo: waombe majirani vitu, usinunue. Kila nyumba ina kandili, zulia la kutandika barzani, mito, sinia kubwa za shaba. Mtu aliyeazimwa kitu chake anaiona sherehe ni yake. Na kuku wachinjiwe na jirani, wote mle bila wasiwasi. Nina hakika hilo mnalifanya.

Mama Tomondo

Tunalifanya, ndugu yangu, tangu enzi za baba mkwe. Zulia na kandili nitaomba kesho.

Mwalimu wa Watoto, Minara Miwili

Naona hakuna aliyetaja pango la kuzaliwa kwa Yesu, na kwangu hilo ndilo la kwanza. Fransisko wa Asizi alipotengeneza pango kule Greccio mwaka 1223 alitumia hori, nyasi, ng'ombe na punda wa kweli, vitu vya kijijini pale pale. Kwa hivyo la kwenu liwe banda la hapa: fito nne, paa la makuti madogo, nyasi kavu chini. Sanamu watoto wafinyange kwa udongo wa vyungu. Zikaushwe kivulini polepole, siku kadhaa, zikianikwa juani zinapasuka shingo. Wasizifanye kubwa, kimo cha kidole kinatosha, na vilemba vya wachungaji vitoke kwenye mabaki ya fulana za fundi.

Hori liachwe tupu. Mtoto awekwe usiku wa tarehe 24 mkirudi kanisani, na mdogo kuliko wote ndiye amlaze.

Mama Tomondo

Mwalimu, nimeguswa sana. Tutafanya hivyo hivyo. Mdogo wetu ana miaka minne na ameshaambiwa.

Nimekata shauri: nyekundu na ukili, mvinje wa kuomba kwa mzee mmoja wa Fuoni, asumini usiku wa mkesha, pango barzani. Kilichobaki ni namna ya kuhifadhi. Nyumba yetu si mbali na bahari, kila cha chuma kinaota kutu, na koga linaingia hadi makabatini.

Fundi Kwerekwe

Kwanza usitumie waya wala pini za kawaida popote zitakapobaki. Kutu ikishaingia kwenye lasi nyeupe haitoki. Funga kwa uzi au kamba ya usumba.

Vitu vya ukili vipigwe jua la asubuhi kabla ya kuwekwa, na tena kila baada ya masika. Usivifungie kwenye mfuko wa plastiki, vitaota ukungu, tia kwenye foronya ya pamba uitundike juu. Vishada vya sufu weka pamoja na karafuu chache zilizofungwa kitambaani, nondo hawapendi harufu yake. Sanamu za udongo zikae juu kabisa kwenye boksi, kila moja na kitambaa chake, maana hazijachomwa na zikipata maji zinarudi tope.

Na ukienda kwenye mitumba Jumamosi pitia kwangu, nina mfuko wa mabaki mekundu sina kazi nayo.