Naomba ushauri: elektroni ya 19 ya potasiamu inakaa wapi, na kwa nini?

Habarini walimu wenzangu. Nafundisha kemia kidato cha pili hapa Temeke, nimekwama kwenye mpangilio wa elektroni.

Potasiamu-39 ina protoni 19, nyutroni 20 na elektroni 19. Tunaandika 2:8:8:1, yaani idadi ya elektroni katika kila ganda kuanzia la ndani. Lakini kanuni ya 2n² (n ni namba ya ganda) inaruhusu ganda la tatu kubeba hadi 18, hivyo wanafunzi wanadai iwe 2:8:9. Hoja yao ina mashiko! Kalsiamu nayo ni 2:8:8:2, halafu skandiamu inarudi kujaza ganda la tatu: 2:8:9:2.

Nimejaribu shanga za Kariakoo zilizobandikwa kwenye miduara ya kadibodi. Zinaonyesha idadi tu, nishati hazionyeshi. Nikitaja 4s na 3d (vijiganda vya ganda la nne na la tatu), nusu ya darasa inapotea. Na kuwaambia "karirini tu" sitaki.

Mnalielezaje hili bila kugusa obitali (maeneo ya elektroni ndani ya vijiganda hivyo)? Na je, kwa kiwango chao inatosha kutumia nishati ya kung'oa elektroni (ya kwanza kama kilojuli 419 kwa moli, ya pili inaruka hadi 3052) kama ushahidi kwamba ile ya 19 iko peke yake nje?