Naomba ushauri: watoto wangu wanaiga mapigano na miruko ya filamu za Jackie Chan

Mama wa Mikindani

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa shikamooni. Ninaishi Mikindani, mkoani Mtwara, na nina watoto wawili, wa kiume mwenye miaka 13 na wa kike mwenye miaka 10, ambao kwa muda sasa hawana mazungumzo mengine isipokuwa filamu za mapigano zenye vichekesho, hasa zile za Jackie Chan, mwigizaji wa Hong Kong, zinazoonyeshwa katika kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, kilicho jirani na kwetu zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Kama ingekuwa ni kutazama tu nisingewasumbua. Tatizo ni kwamba wakitoka kibandani huenda moja kwa moja kwenye magofu ya nyumba za kale za mawe, wakapanda ukutani na kurukia mchanga ulio chini, na juzi yule mkubwa alishuka mnazi kwa kuteleza huku ameukumbatia, kwa sababu alikuwa amemwona steringi, yaani shujaa wa filamu, akiteleza kwenye nguzo ndefu ndani ya jengo la maduka. Alichubuka kifua na mapaja, na hata nilipokuwa nampaka dawa aliendelea kumsimulia mdogo wake jinsi tukio la kwenye filamu lilivyokuwa.

Baba yao anataka niwapige marufuku kibandani. Ninamwelewa, kwa kuwa hofu yake ni hofu yangu pia. Lakini nimewahi kukaa nao nikaitazama filamu moja hadi mwisho, na nilicheka, nikashangaa, wala sikuona ule ukatili unaonifanya nizichukie filamu nyingine za ngumi. Kwa hiyo ninaomba kufahamishwa: ni nini hasa kilichomo katika filamu hizi kinachowashika watoto namna hii, na je, ipo njia ya kuwaacha waipende sanaa hii bila mmoja wao kuvunjika shingo?

Mwalimu wa Masasi

Dada yangu, pole kwa wasiwasi. Nitajibu swali lako la kwanza, kwa kuwa nimezitazama filamu hizi tangu utotoni na ninaziheshimu kama kazi ya sanaa.

Bruce Lee, nyota wa filamu za kung fu, alipofariki mwaka 1973, watengenezaji wa filamu wa Hong Kong walitafuta mtu wa kuziba pengo lake, na Jackie Chan alikuwa mmoja wa vijana waliosukumwa kuigiza kwa ukali uleule. Haikumfaa. Mwaka 1978 aliigiza filamu mbili chini ya mwongozaji Yuen Woo-ping, na humo akapatikana shujaa wa aina nyingine kabisa. Steringi wa kabla yake alipiga na hakuumia. Huyu anapiga, kisha anaukung'uta mkono kwa maumivu, anakimbia akizidiwa, anajificha chini ya meza, na anapokosa silaha anachukua chochote kilicho karibu, iwe kigoda, ngazi, ndoo au koti. Mtoto anaiona ngazi aliyoizoea nyumbani ikigeuka kuwa ngao, mlango na mtego katika pambano moja, na hapo ndipo anaposhikwa. Adui naye mara nyingi haangamizwi. Anaaibishwa, na ukumbi unacheka.

Jambo la pili ni usanifu wa kazi yenyewe. Jackie Chan alilelewa tangu akiwa mdogo katika shule ya opera ya Kichina mjini Hong Kong, pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao, wakifundishwa kuimba, sarakasi na mapigano ya jukwaani kwa nidhamu kali mno. Opera ile huendeshwa kwa mapigo ya ngoma na matoazi, ndiyo maana mapambano yao yana mdundo: pigo, pigo, kituo, kisha pigo la tatu. Mkimtazama kwa makini mtaona pia kwamba kamera hukaa mbali kiasi cha kuonyesha mwili mzima, teke linapotoka na mtu anapoanguka vikionekana katika picha moja, hivyo mtazamaji hana shaka kwamba jambo limefanyika kweli. Katika filamu nyingi za Marekani picha hukatwakatwa kwa kasi, na macho hayaoni zaidi ya vurugu.

Zaidi ya hayo, kichekesho kilichomo mwilini hakimngoji mkalimani. Kaeni kibandani msikilize: watu hucheka kabla mtafsiri hajafungua kinywa.

Muuguzi wa Lindi

Mama, ninaheshimu maelezo ya Mwalimu, lakini mimi huwapokea watoto walioanguka, na katika mikoa yetu hii wengi huanguka kutoka kwenye miembe, mikorosho na minazi. Mwelezeni huyo kijana habari kamili ya shujaa wake. Katika miaka ya 1980, akiigiza kule Yugoslavia, Jackie Chan alianguka kutoka mtini, akagonga kichwa na kupasuka fuvu, na ilibidi afanyiwe upasuaji. Ule utelezaji wa kwenye nguzo aliouiga mwanao ni wa filamu ya mwaka 1985. Nguzo ilikuwa imezungushiwa taa za umeme zenye joto, na mwigizaji aliungua viganja.

Watoto wakiendelea kurukaruka, ni lazima ujue dalili za hatari. Mtoto aliyegonga kichwa akatapika mara kwa mara, akasinzia isivyo kawaida, akachanganyikiwa au akapoteza fahamu hata kwa muda mfupi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kulale kuche. Akianguka na kulalamika maumivu ya shingo au ganzi mikononi na miguuni, asiinuliwe wala asiketishwe. Abaki alivyo, kichwa chake kisigeuzwe, hadi apatikane mtu anayejua kumbeba. Magofu yale nayajua. Mawe yake yamelegea, na ukuta unaweza kumwangukia hata aliye chini.

Kijana wa Chikongola

Kwa heshima zote, Muuguzi, ninaona kwamba hiyo hatari ndiyo utamu wenyewe. Tunampenda kwa sababu anaumia kweli. Kama angekuwa anafungwa kamba na kuwekewa magodoro, nani angemtazama?

Mwalimu wa Masasi

Mdogo wangu, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Wapo watu wengi duniani wanaoumia kweli mbele ya kamera, na hatuwaiti wasanii. Kinachotuvuta ni ustadi ulioshinda hofu, na ustadi huo una hesabu nyingi nyuma yake. Mwaka 1923 Harold Lloyd, mchekeshaji wa filamu zisizo na sauti, alionekana akining'inia kwenye mshale wa saa kubwa juu ya mtaa wenye magari, na dunia nzima ikashika roho mkononi. Ukuta wenye saa hiyo ulijengwa juu ya paa la jengo halisi, kamera ikategeshwa ili barabara ionekane iko chini yake papo hapo, na jukwaa lenye magodoro liliwekwa nje ya picha. Je, tukio limepoteza ladha kwa sababu hiyo? Jackie Chan mwenyewe alilienzi mwaka 1983 alipojiachia kutoka kwenye saa ya mnara, akapita katika maturubai mawili yaliyopunguza kasi yake kabla ya kufika chini. Buster Keaton, mchekeshaji mwingine wa filamu zisizo na sauti, mwaka 1928 aliangukiwa na ukuta mzima wa nyumba akabaki amesimama, kwa sababu nafasi ya dirisha ilipita pale aliposimama yeye. Sehemu ya kusimama ilikuwa imepimwa. Hakubahatisha.

Mama, pale mwishoni, majina yanapopita, filamu nyingi za Jackie Chan huonyesha majaribio yaliyoharibika: mtu amekosea mruko, amegongwa, anasaidiwa na wenzake, anarudia tena. Mwombe mwenye kibanda asikate sehemu hiyo ili kuwahi filamu inayofuata. Kwa mtoto wa miaka 13, hilo ni somo kubwa kuliko filamu yenyewe.

Mwanasarakasi wa Lindi Mjini

Dada, salaam. Nimecheza sarakasi ujanani na sasa ninafundisha vijana wachache wa mtaani kwetu, kwa hiyo nitajibu swali lako la pili.

Usiwakataze, wahamishe. Mtoto aliyekatazwa ataruka ukutani wakati haupo, tena peke yake, na hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi. Waondoe kwenye magofu na minazi, wapeleke ufukweni, na uwaambie kwamba kila msanii wanayempenda alijifunza kuanguka kabla ya kuruka. Waanze wakiwa wamechuchumaa. Kidevu kikae kifuani ili kisogo kisiguse chini, mikono isinyooshwe kuzuia mwili kwa kuwa kifundo cha mkono ndicho huvunjika kwanza, na mwili ubingirike kwa mshazari kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili, bila kupitia kichwani wala shingoni. Wakilifanya hilo kwa kila bega bila kufikiri, ndipo waanze wakiwa wamesimama, kisha wakitembea. Samasoti isijaribiwe bila mtu mzima anayejua kushika kiuno. Kuruka kutoka juu kuje mwisho kabisa, kuanzia kimo cha goti.

Wachezaji wetu wa ngongoti wa Kimakonde, wanaocheza wakiwa wamesimama juu ya miti iliyofungwa miguuni, hawapandi miti mirefu siku ya kwanza, na wanachekesha umati kwa sababu mguu umeshazoea kiasi cha kuweza kujifanya unayumba. Mtu anayeyumba kweli hachekeshi.

Halafu wape kazi ya kichwa: watunge pambano fupi la kigoda kimoja, lipangwe polepole kwa kuhesabu moja hadi nane, ngumi ipite kando ya uso, na anayepigwa ndiye aongoze kwa kugeuza kichwa kwa wakati. Uwarekodi kwa simu. Watagundua wenyewe kwamba kamera ikikaa upande ufaao, ngumi isiyogusa huonekana imefika.

Mama wa Mikindani

Nimeguswa sana na majibu yenu, na nimemsomea baba yao maelezo ya Muuguzi na ya Mwanasarakasi. Amekubali tujaribu, kwa sharti kwamba magofu yasikanyagwe tena. Naomba kuuliza kuhusu binti. Ndugu zetu wanasema haya si ya wasichana, naye ndiye mwenye mwili mwepesi kuliko kaka yake.

Binti wa Nachingwea

Dada, mwonyeshe filamu za mwigizaji Michelle Yeoh. Alisomea baleti, hakukulia katika shule ya mapigano, na mwaka 1992, akiigiza pamoja na Jackie Chan, aliruka kwa pikipiki akatua juu ya treni inayokwenda. Mwaka 2023 akashinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Mimi nilikuwa msichana wa namna ya binti yako, na laiti mtu angeniambia habari hizo nikiwa na miaka 10. Asizuiwe, na avae suruali au bukta ya kubana ili nguo isimnase anapobingirika.

Mama wa Mikindani

Ahsante, mdogo wangu, nitamwonyesha. Mwanasarakasi, swali la mwisho: mchanga upi unafaa? Hapa kwetu maji yakipwa ufukwe unakuwa mpana sana.

Mwanasarakasi wa Lindi Mjini

Msitumie ule uliopwewa na maji. Umeshindiliwa na ni mgumu karibu sawa na sakafu. Nendeni juu, mahali ambapo maji ya bamvua hayafiki, kwenye mchanga mkavu. Uchimbueni kwa jembe hadi uzame mguu kupita kifundo, mwondoe magamba ya chaza, mizizi na vipande vya chupa, na mrudie kuuchimbua kila mnapoanza, maana hushindiliwa upesi watoto wakiurukia. Jua la mchana liepukwe. Saa kumi na moja jioni ndiyo nzuri, na wewe mwenyewe uwepo.