Mikusanyo ya King's Quest na ndugu zake: tunauziwa faili za DOS zilizovishwa karatasi mpya

Wakuu, uzi huu ni wa hasira. Asiyetaka hasira apite tu, hatutagombana.

Gemu za visa na mafumbo za kampuni ya Sierra za miaka ya 80 na 90 zimerudishwa sokoni kwa mafurushi mara kibao. Mwaka 2006 kampuni ya Vivendi ilitoa King's Quest, Space Quest, Police Quest na Leisure Suit Larry, kila mfululizo na kasha lake, zikiendeshwa kwa DOSBox, programu inayoiga kompyuta za kale za DOS. Toka hapo mchezo ni uleule: beba faili, chomeka DOSBox, weka picha nzuri dukani, kusanya hela. Kuna mtu alikaa akaifungua gemu yenyewe akatazama inavyotokea kwenye skrini? Sidhani, maana madudu yanaonekana kabla hujapiga hata hatua moja.

Angalieni umbo la picha. King's Quest IV, V na VI zilichorwa kwa nukta 320 kwa 200, ila skrini za enzi zile zilikuwa za uwiano wa 4:3. Maana yake kila nukta ilikuwa ndefu kuliko upana wake kwa asilimia 20, na wachoraji walichora wakilijua hilo. Ukiionyesha kwa nukta za mraba, Mfalme Graham, shujaa wa namba V, anabonyea, anakuwa kifupi mwenye mabega ya mbeba magunia, na kila mduara unageuka yai lililolala. Kuna mafurushi yanayovuta picha mpaka ijaze skrini ya 16:9, yaani upana umezidi kwa thuluthi nzima, na bado wanaandika "toleo kamili".

Dawa yake ni mstari mmoja. Mmoja! Fungua dosbox.conf ya gemu husika kwa Notepad, nenda [render], badilisha aspect=false iwe aspect=true, na scaler iwe none. Panda juu kwenye [sdl], andika output=openglnb. Hizo herufi mbili za mwisho, nb, ndizo zinazozuia picha isilainishwe; ukiweka opengl tupu inatoka kama kioo kilichopakwa mafuta ya nazi. Mwenye skrini ya urefu wa nukta 1080 ajue kwamba 4:3 inampa 1440 kwa 1080, yaani mara 4.5 kwa upana na mara 5.4 kwa urefu, kwa hiyo nukta nyingine zitanenepa na nyingine zitakonda. Utaligundua kwenye maandishi kwanza. Saizi inayokaa sawasawa ni 1600 kwa 1200, mara 5 kwa mara 6 bila kipande kubaki. Mwenye skrini ya urefu wa nukta 1440 aweke fullscreen=false na windowresolution=1600x1200, atulie.

Sasa muziki, na hapa ndipo damu inapochemka. King's Quest IV ilitoka 1988 na muziki wa William Goldstein, mtu aliyekuwa akitunga kwa ajili ya filamu na televisheni. Ule muziki ulilengwa Roland MT-32, chombo cha nje cha kutoa sauti za muziki cha 1987 chenye sehemu 8 za ala na moja ya ngoma. Furushi linakupa nini? AdLib, kadi ya sauti ya kale yenye sauti tisa za FM, vinanda vyote vinalia kama kengele ya baiskeli. Wengine wanazidisha uharibifu kwa kuupeleka muziki wa MT-32 kwenye General MIDI ya Windows, ile orodha ya ala zilizopangwa tayari. Haiwezekani, wakuu. Sierra walikuwa wanatengeneza ala zao wenyewe na kuzipakia kwenye MT-32 gemu inapoanza. General MIDI hizo ala haizifahamu, hivyo panapotakiwa upepo inaweza kukupigia tarumbeta. (MT-32 ilikuwa na kioo kidogo cha herufi 20, na Sierra walikuwa wanatuma ujumbe pale gemu ikianza. Raha ndogondogo kama hizo nani anazikumbuka?)

Kwa haki, ROM za MT-32 (faili zenye programu na sauti za chombo chenyewe) zina mwenyewe, na muuzaji hawezi kuzitia kwenye kasha kienyeji. Hapo nawaelewa. Lakini kumwambia mteja kwamba kitu hicho kipo kunagharimu nini? Mwenye ROM zake halali anahitaji mbili: MT32_CONTROL.ROM ya kilobaiti 64 na MT32_PCM.ROM ya kilobaiti 512. Anaweka programu ya Munt inayoiga MT-32, anaandika mixer /listmidi ndani ya DOSBox kupata namba ya Munt, anaiweka kwenye midiconfig ya dosbox.conf, kisha kwenye RESOURCE.CFG ya gemu anabadilisha soundDrv kutoka ADL.DRV kwenda MT32.DRV. Hakikisha MT32.DRV na PATCH.001 zimo kwenye folda. PATCH.001 ndiyo iliyobeba hizo ala. Ikikosekana utapata kelele tu. Asiye na ROM abaki na AdLib, afadhali mara mia kuliko General MIDI iliyolazimishwa.

Vitabu je? Huku ni kumuuzia mtu kufuli bila ufunguo. King's Quest III ya 1986 ina dawa za kichawi 7, na maelekezo yake yako kwenye kitabu cha karatasi, si ndani ya gemu. Unaandika ukurasa kwa namba za Kirumi, kisha unanakili kila mstari neno kwa neno. Kosa la tahajia linakuua. Ndiyo iliyokuwa kinga yao dhidi ya wanaonakili diski. King's Quest VI nayo ina majabali ya mafumbo kwenye Kisiwa cha Mlima Mtakatifu, na majibu yake yamo kwenye kitabu cha mwongozo wa visiwa. Huna kitabu, Alexander, mwanamfalme unayemchezesha, anabaki chini anatazama mwamba. Kwa hiyo kabla hujalipa, soma orodha ya vilivyomo: kama hakuna PDF za vitabu, umenunua nusu ya gemu.

Kwa wageni, King's Quest V inakukomoa kimyakimya na wala haikwambii. Mjini, nje ya duka la mikate, paka anamkimbiza panya mara moja tu. Usipomtupia paka kiatu au fimbo hapohapo, baadaye utafungwa kamba kwenye ghala la nyumba ya wageni na hakuna panya wa kuja kuzitafuna. Ile pai usiile hata njaa ikikushika mlimani. Ni ya kumrushia yeti, dubwana la theluji. Kula nusu ya mguu wa kondoo, nusu nyingine mpe tai. Sevu kwa majina tofauti, usifute za nyuma. Hizi gemu za SCI (injini ya Sierra ya kuanzia namba IV) zinatoa nafasi 20, zile tatu za kwanza 12.

Spidi tuipite haraka: kwenye dosbox.conf weka cycles=fixed 3000 kwa namba IV, 8000 kwa V na VI, Ctrl+F11 kupunguza, Ctrl+F12 kuongeza. Ikikutolea "Unable to initialize your audio hardware", jaribu kwanza kupunguza. Ni ugonjwa wa kale wa gemu hizi kwenye mashine inayokimbia mno. Namba I hadi III unaandika tu slow, normal au fast humohumo ndani.

Kinachoudhi kuliko vyote, ScummVM, programu ya kuendesha gemu za kale bila DOSBox, ni ya bure na inaendesha gemu za SCI tangu toleo 1.2.0 la 2010. King's Quest VII iliingia toleo 2.0, mwaka 2017. Unabonyeza Add Game, unaonyesha folda yenye RESOURCE.MAP (kwa zile tatu za kwanza tafuta LOGDIR na VOL.0), unatia tiki kwenye kurekebisha uwiano wa picha, unachagua MT-32 Emulator kwenye sauti. Ctrl+Alt+A inawasha na kuzima urekebishaji wa umbo mchezo ukiendelea, mwone tofauti kwa macho yenu. Namba VI ya CD, kama faili za Windows zimo, inaonyesha hata zile nyuso kubwa safi ambazo toleo la DOS halikuwa nazo. Ila sevu zako za DOSBox hazitahamia huko, kwa hiyo amua kabla hujafika mbali.

Na msije na ile ya "mbona bei yenyewe ya soda". Anayefungua genge la chipsi mtaani kwa bei hiyohiyo anakuwekea chumvi bila kuombwa. Wenye mafurushi ambayo aspect imeshawekwa true tangu dukani, yatajeni hapa chini pamoja na mwaka wa toleo, tuyapange.