Nimemaliza shule ya helikopta, nangoja oda: Korea, Fort Drum au Fairbanks?

Mabawa_Mapya
Hamjambo wakuu. Mwezi uliopita nilivishwa mabawa hapa Fort Rucker, Alabama. Mama alisafiri kutoka Nakuru, akanibandika kifuani kwa mikono yake mwenyewe. Pini ikapita nguo ikagusa nyama, nikanyamaza kama askari. Ndege yangu ni Black Hawk.

Tangu siku hiyo nangoja oda, yaani amri ya kupelekwa kituoni. Asubuhi naripoti kwamba nipo, nakaa kwenye zamu ya simu, jioni narudi nyumbani Enterprise. Sijagusa usukani wiki ya tano sasa. Ofisi inayopanga vikosi imenipa sehemu tatu nizipange kwa kupenda kwangu: Camp Humphreys huko Korea, Fort Drum jimbo la New York, na Fort Wainwright, Fairbanks, Alaska. Nina mke na mtoto wa mwaka na nusu. Mke anasema "popote tu", na mliooa mnajua hiyo popote ina uzito gani.

Kwa walio nyumbani: kule Kenya ukisikia afisa mteule unamwona mzee wa gwaride mwenye sauti ya radi. Katika jeshi la Marekani afisa mteule ni bingwa wa fani moja, na marubani wengi wa helikopta ndio sisi. Deni nalo si dogo. Waliosaini kuanzia Oktoba 2020 wanadaiwa miaka 10 ya utumishi baada ya kumaliza mafunzo ya urubani. Sitaki kuanza na mguu mbaya. Wenye uzoefu nisaidieni.

Ugali_wa_Seoul
Hongera sana mdogo wangu. Mimi nilianzia Korea na ningerudia leo. Kule unaruka. Milima kila upande, mabonde membamba, na nyaya za umeme zimevuka kutoka kilima hadi kilima utadhani kamba za kuanikia nguo. Mwezi wa kwanza mwalimu wangu hakuniuliza kingine: "Nyaya ziko wapi?" Nikijibu, dakika tatu baadaye ananiuliza tena.

Anga lenyewe linakufundisha adabu. Kuna maeneo ya anga usiyoingia bila ruhusa: P-73 katikati ya Seoul, P-518 kuelekea mpaka wa Kaskazini, na huingii humo kwa bahati mbaya ukarudi ukiomba radhi. Ramani nilikuwa nalala nayo.

Ubaya: nilipokwenda mimi ilikuwa mwaka mmoja bila familia. Mtoto wangu alianza kutembea mimi nikimwona kwenye simu. Kabla hujaiweka namba moja, uliza kama nafasi yako inaruhusu mke na mtoto, na upewe jibu kwa maandishi.

Shangazi_wa_Clarksville
Mwanangu, mimi si rubani, ni mke wa rubani, tuko hapa karibu na Fort Campbell, na nimehama naye mara nne. Nyie wanaume mtajadili ndege mpaka kesho. Mimi nakuuliza: mkeo ana kazi? Ana leseni ya kuendesha gari? Ana mtu hata mmoja wa kuongea naye Kiswahili akikasirika?

Fairbanks tarehe 21 Desemba jua linachungulia kwa muda usiofika masaa manne, linaondoka. Mama mwenye mtoto mchanga, ndani, gizani, mume yuko kazini. Namjua dada aliyekaa kule misimu miwili ya baridi, akapendezwa kweli, akajifunza hata kuvua samaki chini ya barafu. Namjua mwingine alirudi kwa mama yake Eldoret mwezi wa pili. Usimpangie mtu "popote".

Panga_Mbili
Shangazi kasema kweli ila Alaska msiitie chumvi. Mimi nilikuwa rubani wa Chinook, helikopta kubwa ya mapanga mawili, pale Wainwright. Kikosi cha 1-52 ndicho chenye Chinook zinazokwenda Denali kusaidia uokoaji, mlima wa mita 6,190, na Black Hawk za kubeba majeruhi pia zipo. Baridi ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri unapasha injini joto kwanza, na fundi akivua glavu kukaza boliti moja anarudi ndani akipuliza vidole.

Lakini kijana, kuna jambo hawakukwambia shuleni. Unaripoti MWEZI GANI? Ukifika kikosini unaanzia ngazi ya RL3: unarudia yote ya msingi na mwalimu kabla hujagusa misheni yoyote. Ndani yake kuna kuruka na miwani ya usiku. Sasa Fairbanks kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai hakuna usiku wa maana. Jua likizama, weupe unabaki. Miwani ya usiku utavaa uone nini? Kuna vijana walitua Mei, wakamaliza ya mchana upesi, wakakaa wakisubiri giza kama watu wa Ramadhani wanaosubiri magharibi. Ukifika Oktoba, giza utalichoka.

Mabawa_Mapya
😂😂 Mzee, hilo la giza sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Wakiniachia haraka, ningefika Mei hiyo hiyo.

Mvita_kwenye_Theluji
Mtu wa Mombasa hapa, fundi wa Black Hawk Fort Drum mwaka wa tatu. Watu wanaicheka Drum kwa sababu ya theluji ya Ziwa Ontario. Ni kweli, inashuka hadi unasahau gari uliliegesha wapi. Lakini rubani mpya anajifunza hapa kitu ambacho Alabama haina. Ukitua kwenye theluji laini, upepo wa mapanga unaiinua yote, na mita chache kutoka chini unaona maziwa matupu. Nimekaa dirishani nyuma mara nyingi nikimwitia rubani: theluji mkiani, theluji mlangoni, theluji puani. Yule mzuri tayari amechagua kijiti au jiwe la kushika kwa jicho kabla wingu halijamfikia. Yule mbichi anaanza kutafuta wakati huo, na mwalimu anamnyang'anya usukani.

Na familia inakuja nawe, nyumba zipo, jiji la New York unaendesha kwa siku moja ukitaka samaki wa kupaka.

Ugali_wa_Seoul
Samaki wa kupaka New York ni bei ya kiatu, tusidanganyane.

Panga_Mbili
Nirudi kwenye swali. Kwangu mimi sehemu ni jambo la pili. Mpigie simu mtu aliyeko kikosini leo, umuulize matatu: walimu wa kurusha wako wangapi, ndege ngapi ziliruka wiki iliyopita, na kikosi kinaondoka lini. Ukiripoti wiki mbili baada ya wenzako kupelekwa nje, unabaki na walinzi wa nyumba, ndege mbili na rundo la makaratasi. Nilimwona kijana mwenye mkono mtamu kuliko wangu akikaa RL3 kwa sababu hiyo tu, huku darasa lake lote limeshapanda. Ningechukua kambi mbaya yenye walimu watano kuliko Hawaii yenye mmoja anayekaribia kustaafu.

Shangazi_wa_Clarksville
Na mimi nakubali hilo. Mume akirudi hajaruka mwezi mzima, nyumba nzima inajua.

Mabawa_Mapya
Asanteni wote. Jana nimepiga simu tatu. Korea: nafasi yangu ni ya mtu peke yake, kwa hiyo hapana, mtoto simkosi. Wainwright: walimu wapo wa kutosha, ila yule kapteni alipocheka niliposema Mei, nikaelewa. Drum: kikosi kiko nyumbani, walimu wanne, na mmoja aliniuliza kama mke wangu anahitaji kuunganishwa na wake wengine wa Kiafrika pale. Nilimpa mke simu waongee wenyewe. Waliongea dakika arobaini, mimi nimesimama nje na mtoto.

Nimeandika Drum, Wainwright, Korea. Oda bado. @Mvita_kwenye_Theluji, tairi za theluji ninunue huku Alabama au huko?

Mvita_kwenye_Theluji
Huku kwetu. Huko watakuuzia za matope.