"Romanticize": ni kupamba, ni kutukuza au ni kutia chumvi?

Mtafsiri wa Makulu:
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Dodoma. Ninatafsiri ripoti fupi ya Kiingereza inayohusu nyumba za tembe, yaani nyumba za asili zenye paa bapa la udongo, katika vijiji vya Bahi na Chamwino, na nimekwama kwenye sentensi ambayo mwandishi anawaonya wasomaji wake wasiyafanyie maisha ya ndani ya nyumba hizo kitendo kiitwacho "romanticize". Kamusi niliyo nayo inataja mapenzi, basi rasimu yangu ya kwanza ikasomeka kana kwamba watu wanakatazwa kufanya mahaba na nyumba. Mwenzangu wa ofisini alicheka, kisha akawaita wengine waje kusoma. Kitenzi hiki kina maana gani hasa, nacho kinatofautianaje na "idealize"?

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa:
Ndugu mtafsiri, mapenzi hayamo katika sentensi hiyo. Chimbuko la neno hili ni Kifaransa cha kale, ambako liliyahusu kwanza masimulizi yaliyoandikwa kwa lugha ya watu wa kawaida badala ya Kilatini, na mengi kati yake yalikuwa visa vya mashujaa wa farasi na upanga. Maana ya mahaba ilifuata baadaye. Mwaka 1798 mshairi Mjerumani Novalis aliandika kwamba ulimwengu hauna budi kufanyiwa tendo hili, yaani jambo la kila siku livikwe sura ya ajabu na ya siri. Yeye alilisifu. Katika Kiingereza cha leo, kinyume chake, kitenzi hiki mara nyingi ni cha lawama, ndiyo maana unakikuta kwenye makatazo. Mimi ningeandika "kupamba kupita kiasi", au kwa kifupi "kutia chumvi".

Binti wa Bahi:
Shikamoo Mwalimu. Asili ya neno nimeipokea, lakini "kutia chumvi" sikubaliani nako, kwa sababu chumvi huongezwa, ilhali hapa kasoro kubwa iko katika kile kilichoachwa. Nimekulia ndani ya tembe. Mtu akiandika kwamba paa la udongo huleta ubaridi mchana wa Oktoba, kwamba jioni zeze lilipigwa uani, na kwamba mifugo ililala karibu nasi, hajasema uongo hata mmoja. Ila hakusema kwamba paa hilohilo lilivuja mvua za Januari, wala hakuutaja moshi uliowaumiza mama zetu macho, wala safari za alfajiri za kufukua maji kwenye mchanga wa korongo. Vivyo hivyo mtu anaweza kuusifu Ugogo wa zamani, nchi yetu Wagogo, kwa ukarimu na ng'ombe wengi bila kuitaja Mtunya, njaa iliyoua watu wengi kati ya mwaka 1917 na 1920. Huko ndiko ku-"romanticize". Ama "idealize", ni kumwona mtu au kitu hakina kasoro, na Waswahili walikwisha kulisema: ukipenda, chongo huita kengeza. Mchumba hufanya hili la pili. La kwanza tunalifanya sisi tuliohamia mjini.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa:
Marahaba, binti yangu. Chumvi naiondoa. Niongeze tu kwamba yupo ndugu wa tatu, "glamorize", ambaye kazi yake ni kukipa mvuto kitu chenye madhara, kama pale ulevi au ujambazi unapong'arishwa mbele ya vijana. Mtafsiri asiwachanganye.

Mtafsiri wa Makulu:
Ahsanteni nyote. Sasa nimeandika: "Msomaji asisimulie uzuri wa maisha ya tembe na kuiacha adha yake." Mhariri ameshauliza kwa nini kitenzi kimoja kimezaa maneno yote hayo, nami nimemtumia maelezo ya Binti wa Bahi kama yalivyo.