Naombeni ushauri: Yamaha RD350LC imelala stoo Isamilo tangu 2004, ninunue?

Mwalimu wa Nyegezi

Habari za jioni wakuu. Nimekaa na jambo hili wiki nzima, leo nimeona niliweke hapa.

Kuna pikipiki Isamilo, Yamaha RD350LC, ile ya injini ya mipigo miwili, silinda mbili, inayopozwa kwa maji. Mwenyewe alikuwa injinia, alirudi nayo kutoka Uingereza mwaka 1986 ndani ya kontena la vyombo vyake. Alifariki 2004 na tangu hapo imesimama stoo chini ya turubai. Nikiwa darasa la tatu nilikuwa naisikia asubuhi ikishuka kilima. Ilianza na sauti ya nyuki waliofungiwa kwenye debe, ikigusa lami inapasuka kama kanga inayochanwa. Tulikuwa tunaacha ndoo bombani tunakimbilia barabarani kuiona. Sasa mama mwenye nyumba anahamia kwa mwanawe Dodoma na anauza vitu. Bei aliyonitajia ni milioni 6.5.

Jumamosi nimeiona kwa macho. Nyeupe, mistari ya buluu kwenye tenki, rangi bado nzima isipokuwa pale turubai lilipokuwa linasugua. Diski mbili mbele. Kiki inashuka, haijakwama. Nimefungua tenki: harufu kama ya vanishi, na ndani kutu rangi ya chai ya rangi. Namba ya injini inaanza na 4L0. Kijana wa pale nyumbani anasema Jumamosi ijayo ataleta betri na petroli aiwashe nisikie mwenyewe.

Mimi mshahara wangu ni wa mwalimu, hela hii nimeiweka miaka minne. Sitaki kuitupa, na sitaki pia chombo hiki kiishie kwenye mizani ya skrepa. Niangalie nini kabla sijalipa? Na hapa Mwanza ni fundi gani anaijua injini ya aina hii?

Dereva Buzuruga

Mkuu, kwa hela hiyo unanunua Boxer mbili, kila jioni unaletewa hesabu. Nakuambia kwa nia njema. Ile kitu ikivunjika ringi hapa Makoroboi hupati, unaagiza nje na kusubiri. Kama una chombo kingine cha kwendea kazini, sawa. Kama hii ndiyo itakayokufikisha shule, hapana.

Fundi Mashine Mwaloni

Mwalimu, mwangaluka. Kabla hujasoma zaidi, mpigie huyo kijana simu umwambie asiiwashe. Hata kiki asiiguse.

Injini hii haina oili iliyokaa chini ya krenki kama Boxer. Krenki inalainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli. Miaka zaidi ya 20 imekaa kavu, beringi zinaweza kuwa na kutu, na kutu hiyo ukiizungusha kwa kasi inakula kila inachogusa. Hilo ni moja. La pili ni sili za krenki, moja kila ncha. Kwenye mipigo miwili chumba cha krenki ndicho kinachovuta mchanganyiko na kuusukuma juu, kwa hiyo sili zile ndizo zinazoshika pumzi ya injini. Raba ikikauka upande wa kushoto, kwenye sumaku, inavuta hewa ya nje. Petroli inakuwa haitoshi, oili nayo haitoshi, pistoni inapata moto inanata kwenye silinda. Ikikauka ya kulia inanyonya oili ya giaboksi: moshi mweupe mzito usiokatika hata injini ikishapata moto, na giaboksi inapungua wakati chini hakuna tone.

Kinachoniuma ni kwamba yenye sili mbovu inawaka vizuri tu. Nimeyaona mengi haya kwenye mashine za mitumbwi. Mtu anaiacha mashine stoo miezi minane, anavuta kamba mara tatu inanguruma, anafurahi, anakwenda nayo. Inakata akiwa haoni nchi kavu upande wowote. Wewe itakukatia barabarani na gurudumu la nyuma litafunga.

Kipimo ni rahisi. Toa kabureta na ekzosi, ziba matundu yote kwa bati na mpira wa tyubu ya lori. Bati moja la upande wa kabureta toboa uchomeke valvu ya tairi. Pampu ya baiskeli, geji ndogo, jaza taratibu mpaka pauni 6, usizidishe maana utaing'oa sili nzima. Sindano ikae bila kushuka kwa dakika 6. Ikishuka, paka povu la sabuni utafute mahali panapopumua.

Ukitoa hedi pima silinda. RD350LC ni milimita 64, mpigo 54. Ndugu yake ya 250 ni 54 kwa 54, na watu walikuwa wanaivalisha silinda za 350, kwa hiyo usiridhike na kilichoandikwa ubavuni. Namba ya 250 inaanza na 4L1 na mbele ina diski moja. Yako mpaka hapo inaongea ukweli. Angalia pia namba ya chesesi pale shingoni ifanane na ya injini.

Siku itakapofaa kuwashwa, usiiamini pampu yake ya oili mara ya kwanza, mipira yake imejaa hewa. Tenki la kwanza changanya mwenyewe, nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, kama tunavyofanya huku ziwani. Niko Kirumba, uliza kwenye mashine za mitumbwi utanipata. Kuja kuiangalia sikuchaji.

Binti Pasiansi

Mwalimu, injini mmeisemea, mimi niseme karatasi. Mwenye pikipiki ni marehemu. Mama wa watu, hata kama ndiye mjane, hawezi kukuuzia kwa sahihi yake tu. Anayeuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Uliza kama mirathi ilifunguliwa na nani aliteuliwa. Bila hati hiyo TRA hawatabadilisha jina kwenye kadi, na mtoto mmoja aliyeko mbali akija kudai utairudisha. Familia yetu ilipita humo kwa sababu ya shamba la Usagara, hatukumaliza mwaka tunazungumza. Kadi iwe halisi, na namba zilizopo kwenye kadi zisomwe juu ya chuma mbele yako.

Mzee wa Capri Point

Kijana, nilikuwa na ya namna hiyo miaka ya themanini, kwa hiyo nakuongezea kimoja. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko Pwani, hivyo ukiweka jeti za kiwandani, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli, itabanja banja na kulowanisha plagi. Mimi nikapunguza jeti, ikawa tamu ajabu. Nikasafiri nayo kwenda Dar bila kuzirudisha. Baada ya Chalinze, kwenye hewa nzito, petroli ikawa ndogo kwa hewa ile, silinda ya kushoto ikanata nikiwa kasi. Aliyeniokoa ni mkono wa kushoto uliowahi klachi. Ukiimiliki, vidole viwili vikae kwenye klachi siku zote.

Mwalimu wa Nyegezi

Wakuu, narudi na majibu. Asanteni kwa moyo wangu wote.

Kijana hakuiwasha. Fundi alikuja Isamilo na begi la vipande vya tyubu. Tulijaza pauni 6, sindano ikashuka kabla dakika haijaisha. Povu upande wa sumaku halikutoa kitu. Akafungua kifuniko cha kujazia oili ya giaboksi, akaniambia niinamishe sikio: pale ndani hewa ilikuwa inatoka polepole, kama mtu anayepuliza chai. Sili ya kulia. Silinda tumepima 64.5, imeshachongwa, lakini inabaki nafasi ya kuchonga mpaka 65. Namba za chesesi na injini ni moja.

Mirathi ilikuwa haijafunguliwa. Mama na wanawe wamekubaliana, wamepeleka maombi mahakama ya mwanzo wiki hii. Bei tumeafikiana milioni 5.2, nitalipa msimamizi akishateuliwa, si kabla.

Jana mama alinipa kopo la bati lililokuwa juu ya rafu. Ndani kulikuwa na bahasha mbili za jeti, moja imeandikwa "Dar", nyingine "nyumbani", na daftari dogo la kuandikia petroli, kila tenki na tarehe yake. Nilimpigia Fundi picha ya ukurasa wa mwisho, wa Februari 2004. Kwa kalamu ya risasi, chini ya lita 14: "Moshi mweupe hauishi. Giaboksi imepungua. Fungua kulia."